Nyapara na Kofia ya Zamu

Jambo lote lilitugharimu jogoo mmoja mwekundu, chumvi ya watu ambayo ng'ombe wa Malaba nadhani wanaikumbuka mpaka leo, na kofia moja ya reli ambayo haikuwa ya mtu. Nimehesabu tena, na hesabu imekuja vilevile. Kuna mwenzetu mmoja husema niongeze na yule mtu aliyefukuzwa kazi siku hiyo. Simwongezi, kwa sababu mtu huyo hakuwapo. Nitaeleza.

Ninayemwandika hapa tulimwita Nyapara, nami sitampa jina lingine. Hata barua za kwao zilikuja zimeandikwa hivyo, Nyapara, Ghala la Kampuni, Malaba, na zilifika. Alikuwa msimamizi wetu sisi tuliobeba, tuliopima na tuliopakia mizigo kwenye ghala lililotazamana na stesheni: kahawa na pamba zikishuka kutoka Uganda, chumvi, sabuni na mabati yakipanda kwenda huko. Kazi yangu mimi ilikuwa kupatana na wenye malori. Dereva akitaja bei, mimi ndiye niliyeitwa nije nishangae. Nilishangaa vizuri, na kampuni ilinilipa kwa hilo, ikikumbuka.

Nyapara alivaa koti refu la kaki lenye mifuko minne, akalivaa hata jua la Januari likipasua ardhi. Mfuko mmoja ulikuwa na chaki ya kuandikia magunia, wa pili uzi na sindano kubwa ya kushonea magunia, wa tatu kitabu cha nyimbo za kanisa. Wa nne ulikuwa wa njaa: mahindi ya kuchoma, kipande cha muhogo, njugu. Sindano ile ilishona zaidi ya magunia. Ukipasua suruali ukipandisha mzigo kwenye behewa, Nyapara alikugeuza ukutani kama mtoto, akakushona ukiwa umesimama, huku akikusema.

"Kijana, wewe unainama kama mtu ambaye hakuilipia hiyo suruali."

"Sijamaliza kuilipia, mzee."

"Basi inama polepole."

Kwa sauti alikuwa mkali, kwa mkono alikuwa mama. Mtu akiugua, mzigo wake uligawanywa kabla hajamaliza kukohoa. Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, niliambiwa nikae nyumbani, na jina langu likaitwa ghalani kila asubuhi, na kila asubuhi mtu akaitika. Sijui nani. Wote walikana.

Nasema haya mapema ili nikifika kwa Meneja usidhani tuliishi kwa taabu. Kampuni nyingine ya Busia iliwahi kuniita, yenye meneja aliyejua kusalimia watu. Nilikwenda siku moja kuangalia. Mahali pasafi, amri zinaeleweka, na saa ya chakula kila mtu anakula peke yake amegeukia ukuta. Nikapanda baiskeli nikarudi Malaba.

Meneja wetu alikaa Kisumu, akija kila Alhamisi na gari jeupe. Kuna wakubwa ambao wakikuta gunia limepasuka huuliza limepasuka vipi. Wetu aliuliza nani. Mpaka apewe mtu, hakuna lori lililoondoka wala mlango uliofungwa. Hakujua jina la yeyote kati yetu. Mimi nilikuwa "wewe", Karani aliyeandika mizani alikuwa "wewe pale", na Nyapara alikuwa "wewe wa koti".

Amri zake zilikuwa za ajabu. Mwaka mmoja aliamuru mizigo ipangwe ghalani kwa kufuata herufi za majina ya wenyewe, apate kuiona kwa urahisi. Ikawa mzigo wa Tororo umelala chini ya mzigo wa Eldoret, na ili kutoa mmoja tunahamisha yote. Tulipochelewa, akaja na swali lake.

"Nani amechelewesha?"

Siku mambo yalipobadilika, alikuwa ametusimamisha juani asubuhi nzima akimtafuta aliyeacha mlango wa mizani wazi. Mlango wenyewe haukuwa na kitasa. Tulikuwa tumekiomba tangu mvua za nyuma. Alipoondoka bila kumpata mtu, akiahidi kurudi, Nyapara alituita nyuma ya magunia.

"Sikieni, ndugu zangu. Huyu mtu anataka mtu. Sisi tuko na watu. Shida iko wapi?"

Karani akasema, "Shida ni nani atakubali, mzee."

"Kila mtu. Kwa zamu. Si mnachota maji kwa zamu?"

Ndivyo kofia ilivyoanza. Ilikuwa kofia kuukuu ya reli, mfanyakazi mmoja wa stesheni aliiacha kwetu alipostaafu, na ilining'inia kwenye msumari karibu na mizani. Nyapara akaweka sheria. Ikifika Alhamisi, mwenye zamu anavaa kofia na kukaa karibu na mlango. Meneja akiuliza nani, anasimama mbele na kusema, "Ni mimi, bwana." Hajitetei, hacheki. Anakaripiwa mpaka Meneja achoke, kisha kazi inaendelea. Siku hiyo habebi hata kamba, uji wake unajazwa mpaka ukingoni, na hakuna ruhusa ya kumtania mpaka Ijumaa.

"Kelele haipandi mizani," Nyapara alituambia. "Ibebe, itue, nenda kula."

Sasa huyu alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alisimama mbele ya watu akafundisha habari ya ulimi wa kweli, na Alhamisi alikagua kama kofia imekaa sawa kichwani mwa mwongo wa wiki. Nilimwuliza habari hiyo. Alitafuna njugu zake kwanza.

"Meneja anauliza nani anabeba lawama. Unamwambia ni mimi. Si unabeba? Uongo uko wapi?"

Nilijaribu kumpata hapo kwa muda mrefu. Sikumpata.

Miezi ikapita, hata tukagundua jambo lililotulaza chini kwa kicheko. Zamu ilikuwa imemfikia Karani kwa mara ya kwanza. Karani alikuwa mfupi, wiki iliyotangulia alivaa mwenzetu mmoja wa kabila la Wateso, mrefu, ambaye mlango ulimlazimu kuinama. Meneja akashuka garini, akamkodolea Karani macho, akasema, "Wewe tena!"

Tukatazamana. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo: wewe tena, kila wiki wewe. Ndipo tulipoelewa kwamba kichwani mwa Meneja kampuni ilikuwa na mtu mmoja tu mkosaji, mwenye kofia, ambaye hurefuka na kufupika kila Alhamisi, na wiki nyingine huota ndevu.

Kila mtu alivaa. Mimi nilivaa, na nilipozoea nikaona ni kazi nyepesi kuliko kushangaa mbele ya madereva. Asiyevaa alikuwa mmoja, aliyeileta sheria. Zamu ya Nyapara ikifika, palikuwa na jambo. Mara alikuwa na safari ya stesheni. Mara alifunga kitambaa shavuni kwa jino lililovimba, na saa nane Karani akamkuta nyuma ya ghala anaguguna mahindi kwa jino lilelile.

"Mzee, jino limepona?"

"Nalijaribu."

Akibanwa sana alisema, "Nyapara akikaripiwa, nani atawaambia nyinyi mrudi kazini?" Sisi tukacheka, mwingine akachukua kofia. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Ila mimi mtu wa kupatana siachi bei bila kujua mwenye mali ameipandishia nini, nikachunguza. Sababu ilikuwa langoni.

Langoni alikaa Mama Uji, mke wake. Alituuzia uji wa wimbi, na kutoka kigoda chake aliona uwanja wote wa ghala. Saa ya chakula sisi tulipewa vikombe, Nyapara alipewa bakuli lenye kifuniko. "Mpisheni mkubwa wa ghala," alisema Mama, bila kutabasamu. Nyapara alikuwa amemwambia, tangu walipotoka kwao Namboboto, kwamba Meneja hawezi kuhamisha hata gunia kabla hajamwuliza yeye. Huko Namboboto walimjua hivyo pia. Sasa mtu kama huyo asimame uwanjani aitwe mjinga, mke wake ameshika upawa anasikiliza? Hilo Nyapara hakuliweza. Angebeba behewa mgongoni kwanza.

Chumvi ililetwa na treni mwezi wa mvua ndefu, mwaka wa pili baada ya Uhuru au karibu na hapo. Ilikuwa ya mfanyabiashara wa Mbale. Ghala lilikuwa limejaa kwa sababu ya zile herufi, kwa hiyo chumvi ikapangwa nje uwanjani, juu ya mbao, ikafunikwa maturubai. Hapo sawa. Kisha ikaja amri kutoka Kisumu: maturubai yote yapelekwe kwenye banda letu la Busia, kuna wageni wa makao makuu wanaokwenda kulikagua, na Meneja anataka waone vifaa vingi. Nyapara alikwenda stesheni kumpigia simu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, na simu ile ilipiga kelele kiasi cha kusikiwa na wawili.

"Bwana, chumvi iko nje, na mvua inakuja."

"Nani amekuambia mvua inakuja?"

Nyapara akatazama nje ya dirisha, wingu limekaa juu ya Tororo kama nguo chafu. Hakujua amtaje nani.

Maturubai yakaenda Busia, na alasiri ile mvua ikanyesha kwa haki yake yote. Tulifunika kwa tulichokuwa nacho: magunia matupu, mabati, mikeka ya chumbani kwangu. Nyapara alivua koti lake akalitandika juu ya gunia la mwisho, akasimama kwenye mvua amekunja mikono. Asubuhi chumvi ilikuwa imetiririka nyeupe mpaka mferejini. Ng'ombe wa majirani walifika kabla yetu, wakarudi kila siku kuulamba uwanja, na wengine hatukuwajua ni wa nani. Nadhani waliambiana.

Mwenye chumvi aliandikia makao makuu. Tukapata habari kuwa Meneja atakuja, na si Alhamisi, atakuja kesho. Tukaangalia zamu. Ilikuwa ya Nyapara.

Alinijia mapema, kabla ya wengine, ameshika jogoo mwekundu miguu juu.

"Kijana, nichukulie zamu."

"Mzee, hii si mlango wa mizani. Hii ni chumvi ya mtu."

"Ndiyo maana sijaleta kuku jike."

"Jogoo mwenyewe anaumwa?"

"Unaumwa wewe! Angalia kifua hiki."

Nikampima yule jogoo kwa mkono, nikamgeuza, nikamshangaa kama ninavyoshangaa lori bovu. Nyumbani mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, na mzazi anahitaji supu. Na kelele, kama tulivyofundishwa, haipandi mizani. Nikakubali, jogoo akafungwa kwenye baiskeli yangu.

Gari jeupe liliingia kwa kasi, ng'ombe wakatawanyika. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kofia, sijaivaa bado. Meneja alianza kupaza sauti mguu wake haujagusa chini.

"Yule wa kofia ako wapi? Leo ni mwisho! Leo anaenda kwao, na barua nitaandika hapahapa!"

Hilo halikuwa kwenye mapatano. Mke wangu alikuwa amelala na mtoto mchanga, na baba mkwe alinipa binti yule kwa sababu mbili tu, nazo ni kampuni na mshahara. Kelele naweza kubeba. Kwenda kwetu siwezi. Lakini jogoo amefungwa kwenye baiskeli yangu, na mapatano ni mapatano. Nikainua mkono nivae.

Kofia haikufika. Nyapara aliipokonya. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshavua koti, akanitupia.

"Shika hili. Usilivae, utaonekana mkubwa."

Akavaa kofia, akatoka uwanjani ndani ya shati lake lililochanika mgongoni. Alikuwa mtu aliyetushona sote akajisahau. Nikamwona anatupa jicho moja langoni, kwenye kigoda. Kisha akasimama mbele ya Meneja.

"Ni mimi, bwana."

"Wewe tena! Miaka yote ni wewe! Mlango ni wewe, herufi ni wewe, chumvi ni wewe! Kichwa chako kina nini?"

"Sijui, bwana."

"Mjinga! Hata hawa ng'ombe wana akili kukushinda!"

Ng'ombe mmoja alikuwa analamba tairi la gari. Hakuna aliyecheka. Sisi sote, Karani, yule Mteso mrefu, wote tulikuwa tunatazama langoni. Mama Uji alikuwa ameinamia moto wake, ametupa mgongo, anapuliza kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri.

Nyapara akafukuzwa. Akainamisha kichwa, akatoka uwanjani kwa mlango wa nyuma unaoelekea relini. Treni ya mizigo ilikuwa inaanza kuondoka kwenda Tororo. Akavua kofia, akairusha kwenye behewa lililo wazi, ikavuka mpaka bila kuulizwa na mtu. Kisha akazunguka ghala, mimi nikampelekea koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote, akajipangusa uso, akaja kusimama kando ya Meneja aliyekuwa anaandika barua ya kufukuza juu ya boneti.

Meneja akainua macho. "Wewe wa koti. Umeona nimemfukuza yule?"

"Nimeona, bwana."

"Nilichelewa?"

Nyapara akafikiri kama mtu aliyeombwa ushauri kweli. "Ulichelewa kidogo, bwana."

"Jina lake nani?"

"Bwana, tulikuwa tunamwita tu wa kofia."

Meneja akaandika hivyo. Naamini barua hiyo ipo mahali mpaka leo, ikimfukuza wa kofia. Chumvi makao makuu walilipa wao. Nasi kila Alhamisi tukamwona Meneja anakagua vichwa vyetu, anatikisa chake kwa kuridhika. "Mnaona? Tangu aondoke yule, kazi inakwenda." Amri zake zilibaki vilevile, herufi zikabaki vilevile, ila lile swali la nani lilimtoka. Alikuwa amekwisha kumpata.

Jogoo tulimgombania jioni ileile.

"Nirudishie. Hukuvaa."

"Nilikuwa tayari kuvaa, mzee. Wewe ndiye uliyenipokonya kazi."

"Kwa hiyo mimi nifukuzwe, na jogoo uende naye?"

"Hujafukuzwa. Kesho si unakuja?"

Akanitazama. "Supu ni ya mzazi?"

"Ni ya mzazi."

"Basi nakudai," akasema, akanisaidia kumfunga jogoo vizuri kwenye baiskeli.

Kesho yake nilikwenda langoni kunywa uji, na Mama Uji akanijazia kikombe mpaka ukingoni ingawa haikuwa zamu yangu.

"Yeye anafikiri sikuona," alisema polepole, anakoroga. "Mwache afikiri hivyo. Nilipompa mgongo nilikuwa nampa heshima yake. Wewe ukimwambia, uji utanunua Tororo."

Nikaahidi. Uji wa Tororo ni mwepesi.

Mwaka jana Nyapara alistaafu, akarudi kwao Namboboto. Mimi bado niko Malaba, bado nashangaa, ingawa hela zimebadilika sura na Meneja naye amebadilishwa. Huyu wa sasa huuliza lini. Juzi baada ya mavuno nilipata nafasi, nikapanda basi mpaka Busia, kisha nikaazima baiskeli kwenda kumwona mzee.

Nilimkuta shambani anapalilia muhogo, koti liko mwilini, mfuko mmoja umejaa mbegu. Amepungua, lakini sauti imebaki.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe. Umeniletea jogoo?"

"Nimekuletea sukari."

"Sukari haiwiki."

Tukakaa mbele ya nyumba. Mama akatuletea uji, mimi kikombe, yeye bakuli lenye kifuniko. Akaniuliza habari za mtoto, za Karani, za ng'ombe. Kisha, uso umetulia kama maji ya mtungi, akaniuliza, "Na yule maskini wa kofia, hamjasikia habari zake? Alipata kazi wapi?"

"Hatujasikia, Mama," nikasema ndani ya kikombe.

"Mzee huyu aliniambia alimtetea sana kwa Meneja siku ile. Lakini wapi." Akachukua sukari, akaenda jikoni.

Nyapara alingoja hatua zake ziishe. Akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, akapunguza sauti ile ambayo zamani ilifika stesheni.

"Unaona mambo haya? Nilimwambia hivyo jioni ileile, neno likanitoka. Nikafikiri atasahau. Kijana, anamwombea! Kila jioni kabla ya kula anafumba macho anasema, Mungu mkumbuke yule wa kofia popote alipo, mpe kazi, mpe mke mwema. Na mimi mzee wa kanisa niseme amina."

"Unasema?"

"Nifanyeje? Nasema. Kanisani nimeungama yote, hii imebaki. Sitaki nife mke wangu bado anamwombea mtu ambaye ni mimi. Na nikimwambia, atajua niliitwa mjinga mbele ya ng'ombe, na kwamba sikuwa mkubwa wa ghala hata siku moja."

Nilikuwa na jibu mdomoni, zima na limeiva, na nilikuwa na ahadi niliyoinywa kwa kikombe kilichojaa. Nikavipima vyote viwili. Nikavipima tena. Jikoni, mwiko uliokuwa ukigonga sufuria ulikuwa umenyamaza.

"Wewe ni mtu wa kupatana," Nyapara akasema, ameshika mkono wa shati langu mahali alipowahi kunishona. "Nishauri. Kwa mwanamke kama huyu, mtu anaanzia wapi? Nishauri vizuri, na habari ya yule jogoo tutakuwa tumeimaliza."